Difu Iliyompa Mama Nafasi ya Kusema

Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Kwa Land Rover ya baba ilikuwa waondoka leo, wafika kesho. Lilikuwa 88, lile fupi, Serisi ya III ya mwaka 1975, alilolinunua siku shamba la mkonge alikofanya kazi lilipouza magari yake chakavu. Kupanda Amani masika halikuwa na mpinzani. Lakini ukilitoa kwenye lami ya Muheza, likifika 70 linalia kama linachinjwa, na uliyekaa naye bega kwa bega humsikii.

Sababu ilikuwa difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi. Yake ilikuwa ya 4.7, yaani propela shafti, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kwenye difu, izunguke karibu mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la duka: kwenye 80 injini ilikuwa inazunguka zaidi ya mara 3,200 kwa dakika. Range Rover za zamani zina difu ya umbo hilohilo, inakaa kwenye ekseli ileile kwa nati zilezile 10, ila yake ni ya 3.54. Ukiwa nayo, 80 hiyohiyo unaipata injini ikiwa chini ya 2,500.

Baba hakutaka kusikia. "Gari hili limeumbwa kupanda, wewe unataka likimbie. Likimbilie wapi?"

Kilichomlegeza ni harusi ya mjukuu wake Dar, Disemba ya 2014. Mama aliapa hapandi basi, na baba aliapa hapandi gari la mtu.

Nikaagiza difu Dar, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye gunia. Nikaipeleka Ngamiani kwa fundi wetu, mzee ambaye sote tulimwita Mjomba. Alilifungua gunia, akachungulia ndani, akacheka.

"Mwanangu, umehesabu meno?"

"Meno ya kraunwili, ile gia kubwa, Mjomba?"

"Ya hafu shafti."

Sikuwa nimehesabu. Hafu shafti, zile fimbo mbili za chuma zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye matairi, za gari letu zina meno 10, manene. Hiyo niliyoletewa ilitoka kwenye Discovery ya miaka ya karibuni, ilitaka shafti za meno 24, membamba kama ya kitana. Aliyeniuzia alikuwa ameapa kwamba inaingia "bila tatizo". Nauli ya kuirudisha niliilipa mwenyewe, na nikasubiri wiki mbili hadi ikapatikana ya Range Rover ya miaka ya themanini. Safari hii Mjomba aliiweka mezani, akatia alama ya chaki, akazungusha piniani, ile gia ndogo, kwa mkono huku mimi nahesabu mizunguko kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Tatu na nusu. "Haya, hii ndiyo yenyewe."

Kazi yenyewe ilimalizika kabla ya alasiri. Aliinua nyuma kwa jeki akaweka magogo, akamwaga oili nyeusi iliyonuka kama yai viza, akafungua boliti sita kila upande, akavuta hafu shafti nje kidogo. Kuitoa difu ya zamani tulikuwa watu wawili chini ya gari, na bado ilinikalia kifuani nikaona nyota. Gasketi aliikata mwenyewe kwa mkasi. Oili mpya, namba 90, haikufika hata lita mbili.

Kisha akafungua na propela shafti ya mbele, akaitoa kabisa. Baba, aliyekuwa kwenye kigoda akijifanya anasoma gazeti, alisimama.

"Hiyo nayo inakwenda wapi?"

Mjomba akamweleza taratibu. Mbele bado kuna 4.7, nyuma sasa 3.54. Mtu akisahau akaibonyeza ile nobu ya njano inayoingiza matairi ya mbele kazini, matairi ya mbele na ya nyuma yatavutana kama ng'ombe wawili kwenye kamba moja, mpaka kitu kikatike. Mpaka ipatikane difu nyingine ya mbele, gari ni la miguu miwili. Baba hakujibu. Aliibeba ile shafti mwenyewe mpaka nyumbani, akaiweka chini ya kitanda.

Tuliondoka alfajiri, watatu kiti cha mbele, mama katikati. Kutoka Pongwe nilijua tumepata kitu. Injini ilishuka sauti, ikawa inanguruma chinichini, na kwa mara ya kwanza nikasikia mlango wa kushoto unavyogonga, dumu la maji linavyocheza nyuma, na mama.

Mama alikuwa na maneno ya miaka ishirini. Alianza na shangazi aliyekopa vitenge akasahau, akaingia kwenye mahari ya dada yangu, akafika kwenye kiwanja cha Mikanjuni ambacho baba alikataa kukinunua kikiwa bei ya bure. Baba aliangalia minazi. Tulipopita Segera mama alikuwa bado yumo kiwanjani.

Mahali fulani baada ya Kabuku tulipigwa tochi. Nilibisha kwa dhati: mshale ulikuwa kwenye 45! Afande akanionyesha 60. Ndipo nikakumbuka kwamba saa ya spidi ya gari hili inachukua mwendo kwenye transfa boksi, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, kabla ya difu, kwa hiyo haikujua kama kuna lililobadilika nyuma. Mshale ukisema 60, mwendo ni 80. Nililipa elfu 30, na mama akapata mada mpya.

Wami tukateremka polepole, tukavuka lile daraja jembamba, tukaanza kupanda. Namba nne ikakata pumzi. Tatu nayo ikaanza kutetemeka, kwa sababu ulichokipata kwenye lami ya tambarare mlima unakudai. Nikaingiza mbili, nikakanyaga mafuta, na kelele zile za zamani zikajaa ndani ya gari. Midomo ya mama iliendelea kucheza lakini sikusikia neno. Nilimtupia baba jicho. Alikuwa ameegemeza kichwa mlangoni, amefumba macho, anatabasamu.