Kisiwa cha Devon na majirani zake

Kati ya visiwa vyote duniani visivyo na mkazi, kikubwa zaidi ni Devon, kaskazini mwa Kanada, kwenye latitudo ya nyuzi 75 hivi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 55,000. Usikipime kwa ramani ya ukutani ya Mercator: huko juu ramani hiyo hukuza maeneo karibu mara 15, hata Devon kikaonekana kukaribia Tanzania, ilhali Tanzania inakizidi mara 17.

Anza na maji. Kusini, mlangobahari wa Lancaster Sound unakitenga na kisiwa cha Baffin. Kaskazini ni Jones Sound, na ng'ambo yake Ellesmere chenye kijiji cha Grise Fiord. Magharibi, ukivuka Wellington Channel, unafika Cornwallis, kwenye kijiji cha Resolute. Wengi hukosea pembeni: Grinnell, kaskazini-magharibi, ni rasi ya Devon yenyewe, si kisiwa. Beechey ndicho kisiwa, ingawa maji yakipwa ukanda wa changarawe hukiunganisha na Devon. Hapo wamezikwa watu watatu wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza John Franklin, waliofariki 1846.

Mashariki mwa Devon kumefunikwa na barafu inayofikia mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi ni mawe makavu yaliyopasuliwa na baridi, pamoja na kasoko ya Haughton, yenye upana wa zaidi ya kilomita 20, iliyochimbwa na kimondo. Kwa ukame wake, watafiti huitumia kujaribia vifaa vya safari za Mirihi.

Kwa nini hakuna watu? Baridi peke yake si jibu, maana Grise Fiord iko kaskazini zaidi. Polisi walifungua kituo Dundas Harbour, pwani ya kusini, mwaka 1924, wakakifunga 1933. Mwaka 1934 familia za Wainuit, wenyeji wa Aktiki, zililetwa hapo kuwinda, zikaondolewa 1936: barafu ya bahari hapo huvunjika na kusogea, na bila barafu tulivu sleji za mbwa haziendi mbali. Wale wa Grise Fiord na Resolute nao hawakujichagulia. Serikali iliwahamishia huko kuanzia 1953, wengi wao kutoka jimbo la Quebec, kusini zaidi.

Anayekwenda leo hupanda ndege ndogo kutoka Resolute. Dira ya sumaku asiitegemee: ncha ya sumaku iko karibu mno, nguvu nyingi huivuta sindano chini badala ya kuielekeza, ikabaki kuyumba. Abebe GPS na betri za akiba, azitunze ndani ya koti, kwani baridi huzimaliza haraka.