Tulivyomalizia likizo Dar: ndugu wengi, foleni na kilo 23

Likizo ya mwaka huu tuliamua watoto waione nchi, wasiishie kuisikia kwenye simu. Tukapanda treni mpya ya SGR hadi Dodoma, tukaingia treni ya zamani ya reli ya kati mpaka Kigoma kwa shangazi yangu, tukarudi Tabora nilikozaliwa, tukaenda Mwanza kwa wifi, kisha basi la kutwa nzima kupitia Singida hadi Arusha, na mwisho Lushoto na Tanga, upande wa baba watoto. Tulipoteremka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Mabegi yalikuwa yameongezeka mifuko miwili mikubwa ya shangazi kaja, kitinda mimba wetu alikuwa ameshajua kutukana kwa Kisukuma (kila mtu Mwanza anakana), na tiketi za kurudi Uingereza zilikuwa za wiki hiyohiyo.

Wenzangu mnaoishi nje mnazijua siku za mwisho za Dar. Umeshazunguka mikoa, umechoka, unataka kulala, na ndipo kila ndugu anakumbuka kwamba hujafika kwake. Sisi tulikuwa na ndugu Mbagala, Tegeta, Kimara, Chanika na Kigamboni. Anayeijua Dar ameshaanza kucheka. Ukitoka Chanika asubuhi kwenda Tegeta na kurudi, siku hiyo usipange kingine.

Kwanza tulifikia Tabata kwa kaka yangu. Marafiki walitushauri tuchukue hoteli Masaki, tupumue bahari. Masaki pazuri, lakini ukiwa na mabegi yale na watoto watatu, jambo la maana ni njia ya kwenda uwanja wa ndege. Kutoka Tabata unapita Segerea, unatokezea Majumba Sita, na hujaingia katikati ya jiji hata kidogo. Pia kwa kaka kuna ua wa kuanikia nguo, na nguo zetu zilikuwa na vumbi la mikoa sita.

Jioni ya kwanza kaka, mkewe (wifi wa Tabata, si yule wa Mwanza) na mimi tulikaa na daftari, tukayagawa majina ya ndugu mafungu mawili: wa kuitwa na wa kufuatwa. Wengi tuliwaweka kwenye kuitwa, waje Tabata Jumapili tule pilau pamoja. Wa kufuatwa walikuwa wachache: wazee, wagonjwa na waliofiwa. Hapo sikutaka mjadala. Ukimwita mfiwa aje kula kwako ili umpe pole, umemkosea adabu, hata kama nauli umemtumia wewe. Baba watoto alijaribu kumtia baba mkubwa wa Mbagala kwenye fungu la kuitwa, eti ana gari na dereva. Wifi akamtazama tu. Jina likahamishwa.

Kwa baba mkubwa tulikwenda asubuhi sana, kabla Barabara ya Kilwa haijajaa. Tulikaa saa nzima, watoto wakampa shikamoo, akawauliza kila mmoja anasoma darasa la ngapi na hakungoja jibu, akatuombea dua, tukaondoka. Sidhani kama angefurahi zaidi tungekaa kutwa. Wazee wengi wanachotaka ni kuonekana kwamba wamefuatwa.

Siku ya Kigamboni ndiyo watoto wanaisimulia mpaka leo, nami nilidhani itakuwa ya huzuni. Mjomba alimpoteza mke wake mwezi wa tano sisi tukiwa mbali, na nilikuwa nimetuma rambirambi kwa simu, jambo ambalo mtu anashukuru lakini halitoshi. Tulipita kwanza Soko la Feri, kwa sababu sikutaka kuingia mikono mitupu kwenye nyumba isiyo na mama. Mnada ulikuwa umepamba moto. Dalali anataja bei, wanawake wa kukaanga wanaongeza mia mia, na fungu linaondoka kabla hujajua limekwenda kwa nani. Sikujitia mnadani, nilinunua nguru kwa muuzaji wa pembeni, nikampelekea kijana wa kupara. Anafanya kazi kwa kasi ya ajabu: anamshika samaki mkia, kisu kinapanda juu, magamba yanaruka kama cheche. Mwanangu wa kati alisogea mno, akatoka pale ana magamba kwenye nywele na nyusi, akakataa kuyatoa. Alivuka nayo pantoni. Abiria mmoja mama mtu mzima alimfuta kwa ncha ya kanga yake bila kuniuliza, na mtoto akatulia tuli, yeye ambaye nyumbani kumchana nywele ni vita.

Kwa mjomba tulipika wenyewe. Baadaye aliwapeleka watoto ufukweni, nami nikawapa kazi: chupa yote ya kombe walizookota Tanga irudishwe baharini. Kombe na matumbawe usiyabebe kwenda nayo uwanjani bila kibali; watakufungulia begi mbele ya watu. Binti yangu alilalamika kwamba kombe za Tanga zitapotea Kigamboni. Mjomba akamwambia bahari ni ileile, zikitaka kurudi zinaijua njia. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jumapili Tabata ilijaa. Wifi aliazima sufuria kubwa kwa jirani, mashemeji wakakaa kwenye moto, wengine wakaja na kachumbari, ndizi, soda. Gharama haikufika nusu ya zile ambazo tungetumia kwa nauli na zawadi za nyumba kwa nyumba, na ndugu waliokuwa hawajaonana tangu msiba wa mwisho wakaonana. Watoto wetu waligawa nguo zao kwa binamu zao siku hiyohiyo. Tulikuwa tumezifua na kuzipiga pasi, maana kumpa mtu nguo chafu ni kumtukana. Nilibakiza seti moja ya safari kwa kila mtoto.

Tatizo la kuwaita ndugu ni kwamba kila mmoja anakuja na mzigo. "Mfikishie mwanangu Leicester." "Hiki kidogo tu, kinaingia popote." Nilikuwa nimeshatangaza kwenye kundi la familia kwamba kila kifurushi kitafunguliwa mezani na nitakifunga mwenyewe. Wengi walielewa. Mama mdogo alileta kifuko kimeshonwa kwa uzi, ndani unga wa kijani.

"Ni mlonge tu, mwanangu. Huniamini?"

"Nakuamini, mama. Lakini uwanjani wataniuliza kama begi nimefunga mwenyewe, na siwezi kuwajibu kwamba mama mdogo alishona."

Akanuna. Nikamwita kaka, mkubwa wetu, naye akamwambia kwa upole kwamba unga usio na jina la kiwanda unaweza kutuchelewesha sote, watoto wakakosa ndege. Kwa kutajiwa watoto akalegea. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunaona aibu kumkatalia mtu mzima, tunabeba, halafu tunatetemeka njia nzima. Mtafute anayelingana naye, au aliye mkubwa kwa heshima, aseme kwa niaba yako.

Baada ya mlonge likaja suala la samli. Wifi wa Mwanza alitupa kopo zima, nzuri ya kunukia. Uingereza hairuhusu abiria anayetoka huku kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, hata kidogo cha kula nyumbani, kwa hiyo samli ikaingia kwenye pilau na iliyobaki ikabaki kwa kaka. Dagaa wa Kigoma na asali ya Tabora vinapita kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani. Dagaa nilifunga tabaka tatu za mifuko, na bado baba watoto anadai koti lake linanuka.

Zawadi za kupeleka kule nilizinunua zote mahali pamoja, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga. Ukichukua nusu korija bei inashuka, na ukiwa na majirani, walimu na wafanyakazi wenzako wa kuwapa, nusu korija haizidi. Watu wanakwenda Mwenge kununua vinyago, navyo ni vizuri, ila mpingo ni mzito kama chuma, na kila begi linaruhusiwa kilo 23 tu. Doti ya kanga huihisi hata ukiinyanyua.

Usiku wa kuamkia siku ya safari mwanangu wa kati, yule wa magamba, akapandisha joto. Hatukusubiri asubuhi. Tulikuwa tumetoka Kigoma na Mwanza, penye mbu wa kutosha, na homa ya mtoto aliyetoka huko huitibu kwa kukisia. Dispensari ya mtaa wa pili ilikuwa wazi. Wakamchoma kidole, kipimo cha haraka kikasoma hakuna malaria, muuguzi akasema ni mafua na uchovu. Alituambia pia tusiridhike moja kwa moja: homa ikirudi tukiwa tumeshafika, hata baada ya wiki kadhaa, tumwambie daktari wa kule kwamba mtoto alikuwa Tanzania, maana wao huenda wasiifikirie malaria. Maneno hayo niliyaandika kwenye simu nikiwa bado nimekaa kwenye benchi. Mtoto akapewa ya kushusha homa, asubuhi akaamka anaomba chapati.

Siku yenyewe ilikuwa nyepesi, kwa kuwa kazi ilikuwa imeshafanyika. Kaka alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia mchele, tukayapima mabegi yote uani. Mawili yalizidi, tukahamisha dagaa huku, viatu kule, mpaka yakalingana. Pesa iliyobaki kwenye simu nilimtumia binti anayemsaidia wifi kazi, aliyefua zile nguo zote. Noti nilibakiza za kununua maji tu.

Tuliagana nyumbani, getini Tabata, wala si uwanjani. Hili nalo nililisisitiza. Msafara wa magari matatu kwenda kulia nje ya Jengo la Tatu ni foleni juu ya foleni, na watoto wakishaona watu wazima wanalia hawatulii tena. Kaka peke yake alitusindikiza. Kaunta mabegi yakapita yote, la zito likasoma 22.8, na yule dada akauliza nani aliyafunga. Nikasema mimi, yote.

Tulikuwa tumeshakaa kusubiri kuitwa ndegeni mama mdogo alipopiga. Alitaka kujua kama ule mlonge nimeuweka begi kubwa au dogo.