Ndui ilimalizwa kwa kuzingirwa

Wengi huamini ndui ilitoweka kwa kuwa dunia nzima ilichanjwa. Sivyo. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni yake kali, lengo lilikuwa kuchanja angalau asilimia 80 ya watu. Kwenye nchi zenye msongamano, wachache waliobaki walitosha kuuendeleza ugonjwa.

Dawa ya tatizo hilo ilikwishaonekana mashariki mwa Nigeria, Desemba 1966. Chanjo ilikuwa haba, na daktari Mmarekani William Foege na wenzake wakaielekeza pale penye ugonjwa tu: mtafute mgonjwa, mtenge, wachanje wa nyumbani mwake na wote aliokutana nao, kisha majirani. Mbinu ilifaa kwa sababu ndui haina pa kujificha. Haina mnyama wa kuihifadhi, vipele vyake hujaa usoni na mikononi, na chanjo ikitolewa ndani ya siku 3 au 4 tangu mtu aambukizwe, mara nyingi huzuia ugonjwa au huupunguza makali.

Kifaa nacho kilistahili sifa zaidi ya kinazopewa. Sindano ya ncha mbili ilichovywa kwenye chanjo, tone dogo likanasa katikati ya ncha, kisha mchanjaji akaishika wima na kudunga haraka mara 15 sehemu moja ya mkono wa juu. Baada ya sekunde chache kidoa cha damu kilipaswa kuonekana. Kisipoonekana, alikuwa amedunga juu juu mno. Ngozi iliyopakwa spiriti bila kukauka iliharibu kazi, maana spiriti huua virusi vya chanjo. Takribani siku ya 7 palikaguliwa: pakiwa na lengelenge, chanjo imeshika, pasipokuwa nalo, anachanjwa upya. Chanjo yenyewe ilikuwa ya unga mkavu uliovumilia joto, lakini ikishachanganywa na maji yake maalumu, kilichobaki jioni kilimwagwa.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui isiyotoka maabara alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili kumwonyesha dereva njia, safari ya dakika chache tu. Vipele vilimtoka tarehe 26 Oktoba 1977, akapona. Msako haukukoma hapo. Wapekuzi walifuatilia kila fununu ya vipele kwa miaka 2 mingine, kwani mgonjwa mmoja aliyefichwa angewasha moto upya. Ndipo Mei 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha.