Jinsi nilivyofika kwa sarafu ya 1827 kwenye msitu wa New Hampshire

Watu wakisikia nazunguka porini na ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyo ardhini, kitu cha kwanza wanauliza mashine ni bei gani, lakini wadau mashine ndio kitu cha mwisho kabisa. Yangu ni ya kawaida, nimeinunua mkononi kwa mtu. Kazi yenyewe ni kujua pa kwenda. Mimi naishi Lowell, Massachusetts, New Hampshire iko hapo juu tu unavuka mpaka kabla gari halijapata moto, na huko ndiko nilikojifunza hii kitu.

Ule msitu ukiuangalia unaweza kudhani uko hapo tangu dunia iumbwe, kumbe miaka 200 iliyopita sehemu kubwa ilikuwa mashamba. Watu walifyeka miti, wakafuga kondoo, na mawe yote waliyotoa shambani wakayapanga kuta. Halafu mfereji wa Erie, njia ya maji ya kwenda magharibi, ukafunguliwa 1825, ardhi nzuri isiyo na mawe kule Ohio ikawa inafikika kirahisi, viwanda navyo vikaanza kuvuta vijana, basi watu wakahama familia moja baada ya nyingine na miti ikarudi. Ndio maana unaweza kuwa katikati ya misonobari, hakuna njia hakuna chochote, mara unakutana na ukuta wa mawe umenyooka unapanda kilima. Hakuna mtu anajenga ukuta msituni. Hapo palikuwa shamba, penye shamba palikuwa na nyumba, na penye nyumba lazima kuna pesa ilidondoka.

Kwa hivyo msimu wote wa baridi, ardhi ikiwa imeganda na huwezi kuchimba, nilikuwa kwenye kompyuta naangalia ramani. Kuna ramani za kaunti za miaka ya 1850, ziko bure mtandaoni, kila nyumba imewekwa nukta na jina la mwenye nyumba pembeni. Unachukua hiyo unailinganisha na ramani za serikali za miaka ya 1890. Nukta ambayo iko kwenye ya kwanza na haipo kwenye ya pili, hiyo sasa ndiyo unaitaka, manake watu waliondoka mapema na hakuna aliyekuja baadaye kumwaga vifuniko vya soda na maganda ya risasi juu ya vitu vyao. Baada ya hapo nikaingia kwenye picha za lidar, zile zinazopigwa na ndege kwa miale halafu miti inaondolewa kwenye picha unabaki na ardhi tupu. New Hampshire wana ramani ambapo wananchi wenyewe wanachora kuta za mawe kutoka kwenye hizo picha. Ukuta unaonekana kama mstari mwembamba, na shimo la chini ya nyumba linaonekana kijimraba. Nilipoona mraba umekaa juu ya ile nukta yangu moyo ulinienda mbio kweli.

Halafu ruhusa. Hapa sina mchezo, bila ruhusa siingii shamba la mtu. Miji mingi ya huku inaweka ramani za kodi ya ardhi mtandaoni kwa hiyo mwenye shamba unamjua, nikaenda Jumamosi mchana nikabisha hodi. Mzee mmoja akafungua. Sikuanza na habari za ditekta, nilimwonyesha ramani ya zamani na lile jina lililoandikwa juu ya ardhi yake, akaishika akaitazama muda, akaniambia yeye alichojua tu ni kwamba huko nyuma kuna shimo ambalo baba yake aliwakataza wasilikaribie walipokuwa watoto. Tukakubaliana nafukia kila shimo ninalochimba, namwonyesha kila kitu kinachotoka, akikitaka ni chake. Na nivae rangi ya chungwa maana ilikuwa Novemba, wawindaji wa paa wako porini.

Kupe nao usiwachukulie poa, ugonjwa wa Lyme uko sana huku. Suruali ndani ya soksi, dawa kwenye nguo, na ukirudi nyumbani unajikagua mwili mzima.

Nilipata shimo lenyewe vile lilivyoonekana kwenye picha, mawe yamepangwa pande nne, upande mmoja umeporomoka, mti mkubwa umeota ndani. Mbele kuna jiwe refu la kukanyagia mlangoni. Sasa ukiwasha mashine hapo inapiga kelele tu, misumari kila mahali, nyumba ilioza misumari ikabaki. Kilichonisaidia ni kufunga koili ndogo (ile sahani ya chini ya mashine inayohisi metali), ile kubwa inaona misumari mitano na sarafu moja kwa wakati mmoja inachanganyikiwa, na kutembea taratibu sana. Ukipata mlio wa juu unazunguka robo duara unapitisha tena, mlio ukipotea au ukihama mara nyingi ni chuma, ukibaki palepale chimba.

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa kipande cha chuma umbo la mwezi mchanga, na matundu ya misumari. Kiatu cha ng'ombe dume! Kwa vile kwato ya ng'ombe imepasuka mbili kila mguu ulivishwa vipande viwili, sikujua hata kama ng'ombe huwa anavalishwa viatu, na mimi nimekulia kwetu na ng'ombe wa kulima. Vikafuata vifungo bapa vya koti, na risasi ya duara ya bunduki ya zamani, imefunikwa utando mweupe wa risasi iliyokaa ardhini.

Sarafu yenyewe ilitoka karibu na lile jiwe la mlangoni, kina cha kiganja hivi. Mlio ulikuwa wa juu na haukuhama. Nikakata udongo kwa sepetu pande tatu nikaufunua kama kifuniko, nikachunguza na ditekta ndogo ya mkononi, nikaona ukingo wa kijani. Ni kubwa, upana wake unakaribia sarafu ya nusu dola ya leo. Hizi senti kubwa za shaba zilitengenezwa kuanzia 1793 mpaka 1857. Hamu ya kuisugua na kidole ni kubwa lakini usisugue kabisa, udongo wa misonobari una asidi unaila shaba na ule utando wa juu ndio umebeba picha, ukiutoa umebaki na kipande laini. Niliiweka kwenye kikopo chenye pamba. Nyumbani nikaimulika na tochi kutoka pembeni, kikatokea kichwa cha mwanamke, nyota zimemzunguka, na chini 1827.

Nimewaza sana kuhusu hiyo senti. Lowell ilipata hadhi ya mji 1826, na viwanda vyake vya pamba vilijaa wasichana waliotoka mashamba kama hayo hayo ya New Hampshire, wengi wakituma sehemu ya mshahara nyumbani. Sisi wote tunaotuma pesa kwa mama kila mwisho wa mwezi tunaelewa. Siwezi kusema ilidondoshwa na nani lakini kwangu hiyo ni pesa ya mtu, na kuiuza sitaki hata kusikia. Mzee aliishika, akacheka, akasema kaa nayo, yeye akachukua kile kiatu cha ng'ombe akakitundika ghalani.

Kitu kimoja kwa wanaotaka kuanza: ardhi ya serikali kuu hapa Marekani usiguse, sheria ya 1979 inakataza kuchimba vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100. Na walio nyumbani Kenya, kitu chochote, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni mali inayolindwa na sheria, ukikiona toa taarifa kwa makumbusho, usibebe.

Mzee ameniambia ng'ambo ya kijito kuna kuta zingine hajawahi kuzifuata mpaka mwisho. Ziko kwenye lidar, nimeshaziona. Theluji ikiyeyuka Aprili, kabla majani hayajafunga, naenda.