Udongo wa Paris na nyonga ya Guga

Tuanze na uwanja wenyewe. Pale Roland Garros, Paris, kwenye mashindano makubwa ya tenisi, kile kinachoitwa udongo ni unga wa matofali yaliyosagwa, na si mwingi: milimita 1 hadi 2 tu. Kinachobeba uzito wa mchezaji ni tabaka la chokaa lililo chini yake, lenye unene wa sentimita 6 au 7. Halafu kuna mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha kokoto, na mwisho mawe makubwa ya kupitishia maji. Ndiyo maana uwanja humwagiliwa maji mara kwa mara. Chokaa ikikauka unga hupeperuka na kiatu hakina cha kushika. Ikilowa kupita kiasi, mpira hunenepa kwa unga unaougandia na kuwa mzito kama chungwa bovu.

Mpira ukitua juu ya unga huo hukwaruza, hupungua mwendo na kupanda juu. Servu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, ambayo kwenye nyasi za Wimbledon, Uingereza, ingemaliza pointi palepale, hapa inarudi. Pete Sampras, bingwa mara saba wa Wimbledon, hakuwahi kufika fainali ya Paris. Alikomea nusu fainali mwaka 1996. Mambo huenda kinyume pia: Thomas Muster wa Austria alichukua Paris mwaka 1995 na mwaka uliofuata akawa namba moja duniani, lakini Wimbledon hakushinda hata mechi moja.

Kwangu mimi, mchezaji wa kusomea kazi hii ya udongo ni Gustavo Kuerten wa Brazil, Guga. Mwaka 1997 alifika Paris akiwa wa 66 duniani, hajawahi kushinda taji lolote la ngazi ya juu. Akawatoa mabingwa watatu wa zamani wa mashindano yaleyale: Muster, Yevgeny Kafelnikov, na kwenye fainali Sergi Bruguera, 6-3, 6-4, 6-2. Alirudi kuchukua taji mwaka 2000 na 2001.

Wengi walitazama nywele na jezi yake ya bluu na njano. Mafundi wa kufunga kamba za raketi walitazama kamba zake. Guga alitumia kamba ngumu ya poliesta ya Luxilon, ya Ubelgiji, wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanatumia kamba za utumbo wa ng'ombe. Poliesta inateleza. Raketi ikipanda kwa kasi, kamba za wima husogezwa kando na mpira, kisha huruka kurudi mahali pake na kuuzungusha zaidi. Hivyo unaweza kupiga kwa nguvu zako zote na mpira bado ukashuka ndani ya mstari. Kwenye udongo mzunguko huo ni dhahabu, maana mpira ukitua hupanda hadi begani kwa mpinzani.

Anayeiga na aige vizuri. Kama ulizoea kufunga kamba kwa mkazo wa kilo 25, poliesta ifunge 23 au 24. Hulegea mapema na haitoi dalili: haijakatika, inaonekana nzima, lakini mipira inaanza kutoka nje na kiwiko kinauma. Ikifika hapo ikate. Kuingoja ikatike yenyewe ni ubahili unaolipiwa hospitali.

Kuteleza nako kuna mpangilio wake. Unaanza kuteleza kabla ya kupiga, goti limekunjwa, ncha ya kiatu ikielekea unakokwenda, na mpira unaupiga mguu unapokaribia kusimama. Anayepiga kwanza halafu akateleza hubebwa hatua mbili nje ya uwanja, na mpinzani anaona upande mzima uko wazi. Soli iwe ya mistari ya pembepembe, na uikung'ute kwa raketi kati ya pointi, kwa kuwa ikijaa unga haishiki. Kwenye viwanja vyenye mistari ya plastiki iliyopigiliwa misumari, kagua kwanza kama kuna ulionyanyuka. Vifundo vingi vimeteguka hapo.

Kinacholiwa polepole ni nyonga. Fohandi, pigo la upande wa mkono wenye raketi, ya kusimama kifua kikiwa wazi kwa wavu humwekea mtu wa mkono wa kulia uzito wote kwenye nyonga ya kulia, halafu mwili unazunguka juu yake, na kwenye udongo pointi moja inaweza kudai hivyo mara kumi. Guga alipasuliwa nyonga hiyo mwaka 2002, na tena 2004.

Kuumia kwa wakati mbaya kuna hesabu yake. Pointi za orodha ya dunia huishi wiki 52. Kwa viwango vya sasa, bingwa wa Paris hupata 2000. Mwaka unaofuata akitoka raundi ya kwanza anabaki na 10. Mtaalamu wa udongo huvuna karibu kila kitu kati ya Aprili na Juni, Monte Carlo, Roma, Paris, kwa hiyo jeraha la Mei humuumiza kuliko la Oktoba. Guga alijikinga kwa kujifunza viwanja vya sakafu ngumu. Mwishoni mwa 2000, ndani ya ukumbi Lisbon, aliwafunga Sampras na Andre Agassi akamaliza mwaka akiwa namba moja, Mmarekani Kusini wa kwanza kufanya hivyo.

Mwaka 2004, nyonga ikiwa tayari mbovu, alimtoa Roger Federer, namba moja wa wakati huo, kwa 6-4, 6-4, 6-4 katika raundi ya tatu Paris. Mechi yake ya mwisho ya mmoja kwa mmoja Paris ilikuwa mwaka 2008, amevaa tena bluu na njano, akafungwa na Paul-Henri Mathieu. Wenyeji wakamkabidhi zawadi: kipande cha uwanja kilichokatwa wima, matabaka yake yote yakionekana, kutoka mawe ya chini hadi unga mwekundu wa juu.