Tafakari ya juma: Ule mama wa rulaji (polisi wa barabara) na mukono ya jemadari

Shalom bandugu. Neno yetu ya juma hii iko mu Matendo ya Mitume sura ya 23, soma kuanza mustari wa 12 mpaka mwisho kama uko na wakati, kama hauna soma tu mustari wa 19, njo fasi mimi nilikwama siku zote hizi.

Acha nianze na habari ya kwangu. Siku moja ya posho (samedi) nilikwenda soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, na mutoto wa dada yangu, ana miaka tano, tulikuwa tunatafuta unga na samaki ya kukauka. Munajua vile Kenya inajaaka siku ya posho. Niliachilia mukono yake ili nihesabie mama wa samaki franga yake, nikageuka, mutoto haiko. Nilizunguka ile soko karibu saa mbili nzima, sauti ikakauka, nikaomba maombi yenye haikuwa hata na amina. Kisha mama mumoja wa makala akaniambia, papa, ule mama wa rulaji pa njia panda iko na mutoto pale tangu kitambo.

Nikakimbia. Nikamukuta amesimama pembeni ya barabara, mukono ya kuume inaongoza mataksi na makamio, sifle iko mu kinywa, mukono ya kushoto imeshika mutoto wetu. Kofia yake ya polisi ilikuwa pa kichwa ya mutoto, imemufunika mpaka macho, yeye mwenyewe jua yote ya saa sita inamupiga. (Kinshasa mu mwaka 2013 waliweka maroboti ya kuongoza magari, injinia wetu Thérèse Izay njo aliyabuni, na mimi ninamupongeza kabisa, lakini ule siku nilishukuru Mungu kwamba pa ile njia panda hawakuweka roboti.)

Nilizani atanirudishia mutoto mara moja. Wapi! Akaanza kuniuliza: wewe ni nani yake, mama yake anaitwa nani, asubuhi alivaa viatu ya rangi gani. Mutoto alikuwa amebakia na kiatu kimoja. Niseme ukweli, nilikasirika, nikajisemea mu roho, haya, imeanza, sasa ataniambia nitoe franga ya maji. Kumbe alikuwa anafanya kazi yake tu, mutoto hapewi mutu hivi hivi. Akainama, akamuuliza mutoto polepole, huyu unamujua? Mutoto akasema, ni mujomba. Basi akamuachilia.

Na mimi nilifanya nini? Mukono yangu ilikwenda yenyewe mu mufuko. Hakuniomba kitu, ni mimi nilitoa, juu tumezoea, ukiona iniforme mukono inatangulia akili. Akaniangalia, akasema, "Rudisha papa, umununulie mutoto kiatu." Akapiga sifle, akarudia kwa magari yake. Hata jina yake sikuuliza.

Sasa rudi mu Biblia. Batu zaidi ya 40 wameapa hawatakula wala kunywa mpaka bamuue Paulo. Nani anasikia ile mupango? Mutoto wa dada yake Paulo. Paulo pia alikuwa mujomba, sikuwahi kuifikiria mbele. Ule kijana, hata jina yake haikuandikwa, anaingia mu kambi ya baaskari, fasi Paulo alikuwa amefungwa, na munajua vile inaombaka roho ngumu kuingia mu kambi ya baaskari kama hauna mutu, anafikishwa mbele ya jemadari mukubwa, Klaudio Lisia. Na Luka anaandika kwamba jemadari akamushika mukono, akaenda naye kando, akamuuliza kwa faragha ana neno gani ya kumuambia.

Akamushika mukono! Angeweza kumufokea, kumuuliza wewe ni nani, nani alikutuma, lete karte. Hapana, alimushika mukono na akasikiliza. Na ule usiku mwenyewe akatoa askari 200, na bapanda farasi 70, na benye mikuki 200, Paulo afike salama kwa liwali kule Kaisaria. Askari 470 juu ya neno ya kijana mumoja.

Lisia hakuwa malaika, tusimupake rangi. Mu sura ya 22 ni yeye alitoa amri Paulo apigwe mijeledi, ni uraia wa Roma njo uliokoa mugongo wa Paulo. Na mu barua yake kwa liwali alijipangia vizuri, ile habari ya mijeledi hakuiandika hata kidogo. Sawa tu na bale tunakutana nao mu barabara zetu, leo vizuri, kesho vibaya. Siandike hii kufunika mabaya, kuko batu mu hii group benye kulia juu ya polisi na machozi yao ni ya kweli. Lakini ona mukono ingine, sura ya 24 mustari 26: liwali Feliki alikuwa anamuita Paulo mara kwa mara bazungumuze, alikuwa anatumaini kupewa feza. Matabishi, kwa luga yetu. Paulo hakutoa, akafungwa miaka mbili.

Yohana Mubatizaji, wakati baaskari walimuuliza, na sisi tufanye nini, hakuwaambia wavue iniforme. Luka 3:14, musizulumu mutu, musishitaki kwa uongo, mutoshewe na mushahara wenu. Ile neno ya mushahara kwetu huku ni nzito, acheni tusicheke. Hata sheria ya polisi ya inchi yetu, ya mwaka 2011, inasema polisi ni kazi ya kiraia, ya kusikiliza batu. Kusikiliza. Na kuko benye kuifanya kweli: Kolonel Honorine Munyole, ule batu banamuita Mama Kolonel, kule Bukavu alikuwa kiongozi wa kitengo cha polisi cha kulinda bamama na batoto, kisha akapelekwa Kisangani, kazi ile ile. Bengine kama yeye hatubajue, bako pa njia panda tu na sifle.

Siku ya posho iliyopita nilirudia pa ile njia panda na chupa ya maji ya baridi. Nikakuta papa mwengine, akaniambia ule mama alibadilishwa poste. Nikamuuliza jina yake. Akaniangalia vibaya, sawa vile ninataka kwenda kumushitaki kwa bakubwa, akasema, "Alikufanyia nini?"

Nikamuambia, alinishikia mutoto.

Akanyamaza kidogo. Akacheka. Akaniambia jina, nikaiandika mu kaye yangu ya maombi, na maji akakunywa yeye.