Herufi Moja na Vidole Kumi: Nilivyotafuta Karatasi za Kuasili Mtoto Nikiwa Malindi

Kama mnataka kuasili mtoto na mmoja wenu kwenye ndoa ni mtu wa hapa kwetu Kenya, karatasi za Ulaya zisikutishe. Kimbizana na zetu kwanza. Mume wangu ni Muitaliano, tunaishi huko kwao, na tukaamua kuasili mtoto. Habari ilipofika Malindi kila mtu akawa wakili. Ati si uchukue tu mtoto hapa hapa, makao ya watoto yamejaa. Kuna kijana akanifuata mpaka kwa mama Maweni, ana "mtu wake" atanimalizia kila kitu mwezi mmoja, nitoe laki na kitu ya kuanzia. Jamani! Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto tangu Novemba 2014, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya biashara ya watoto, yaani hofu ya watu kama yeye. Mama akamwambia, "Mwanangu, maliza chai uende." Sisi tulikuwa tunaelekea Kolombia, ambako mambo haya yako chini ya ofisi moja ya serikali, ICBF, na shirika letu la Italia la kusimamia kuasili limeshafanya nao kazi.

Ya Italia sitayaongea sana. Muwe mmeoana miaka 3, au mmekaa pamoja muda huo kabla ya ndoa, mnapeleka ombi mahakama ya watoto, watu wa ustawi wa jamii wanakuja kuwauliza mpaka mlivyolelewa, mkipita mnapewa hati kwamba mnafaa. Sasa hapo mna mwaka 1 tu wa kukabidhi kazi kwa shirika lililoidhinishwa, na huo mwaka unakimbia, sikuambii.

Shirika likataka vyeti vyangu vya Kenya vipya, vyenye mihuri. Ndio nikagundua cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Kazo. Mimi ni Kadzo. Kitambulisho Kadzo, paspoti Kadzo, karatasi zote za Italia Kadzo, lakini karani wa enzi hizo alisikia anavyojua yeye. Ndoa tulifungia hapa Malindi na hakuna aliyejali. Wakili wa kwanza akanishauri nibadilishe jina kwa hati ya kiapo, litangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali, halafu nibadilishe kitambulisho, halafu paspoti, akanipigia hesabu nikaona nyota. Mbona nibadilishe karatasi kumi zilizo sawa kwa ajili ya moja iliyokosewa? Sikuwa nabadilisha jina, karani ndiye alikosea kuandika! Hilo linarekebishwa palepale kwa msajili wa vizazi, ukiwa na ushahidi. Mama akafungua sanduku lake, kadi ya kliniki imeliwa na mchwa imebaki kona, lakini cheti cha ubatizo kipo na cha kumaliza shule kipo, vyote Kadzo na d yake. Nikaongeza barua ya chifu na kiapo cha mama. Ilichukua muda lakini haikufika hata robo ya pesa ya yule wakili.

Sasa vidole. Cheti cha tabia njema cha polisi unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa elfu moja na kitu, unaprinti fomu, unaenda kupakwa wino vidole vyote. Rahisi, sivyo? Mimi nafanya usafi hotelini, miaka yote hiyo dawa za kusugulia, afisa akakiangalia kidole akaniambia dada, hiki ni kama kimepigwa msasa. Alama zikaenda Nairobi zikakataliwa, hazisomeki. Basi ushauri ukamwagika. Jirani akasema paka hina, ngozi itakaza. Mama mkubwa akasema limau na chumvi, sugua mpaka uone mistari. Nilisugua. Nikaona nyekundu tu, nikashindwa hata kushika sima ya moto, na nilivyorudi kupaka wino zikatoka mbaya kuliko za kwanza, madoa matupu!

Kilichosaidia nilikitengeneza mwenyewe. Kila usiku mafuta ya nazi mengi, halafu soksi za mume wangu mikononi, kwenye lile joto la kaskazi, feni inazunguka na mimi nimelala nimeinua mikono nikicheka peke yangu. Mchana sigusi sabuni, vyombo waoshe wadogo zangu, na waliosha wakinung'unika. Siku ya kurudi nikaifuta mikono ikauka kabisa, nikamwomba afisa kwa heshima asinipake wino mwingi. Hapo ndipo wengi wanaharibikiwa, wino ukizidi unajaza mistari yote. Akabingirisha kidole kimoja kimoja, polepole, tukaangalia karatasi pamoja akasema eeh, leo una vidole. Zikapita.

Cheti hicho kiache cha mwisho kukichukua maana kina muda wake. Anza na vile visivyozeeka.

Mihuri lazima ukapige Nairobi. Wakati ule Kenya haikuwemo kwenye mkataba wa apostili, yaani muhuri mmoja unaokubaliwa na nchi zote za mkataba huo, kwa hiyo ni Wizara ya Mambo ya Nje kwanza halafu ubalozi wa Italia, ukigeuza mpangilio unarudishwa. Karatasi za Italia zenyewe zinapigwa apostili huko huko, za mahakama kwa mwendesha mashtaka, za kiserikali kwa mkuu wa mkoa, hizo mume wangu alizimaliza fasta mpaka nikamwonea wivu. Piga picha kila ukurasa kabla hujampa mtu yeyote dirishani, nyuma na mbele, mihuri mingine iko nyuma.

Mwisho ni tafsiri, Kiitaliano kisha Kihispania. Mtafsiri akanipa bahasha imefungwa vizuri, nikaifungua mbele yake, yeye akanikodolea macho. Ukurasa wa kwanza: Kadso. Akarudia yote bure.